Luku ya chumba cha kompyuta: jinsi ya kuifanya ifike mwisho wa mwezi

Jumamosi moja nilikwenda shuleni kufuata kitabu nilichokisahau. Chumba cha kompyuta kilikuwa kimefungwa tangu Ijumaa, kompyuta zote za wanafunzi zimezimwa, ufunguo ninao mwenyewe mfukoni. Nikipita kibarazani nikaitupia jicho mita ya luku ya jengo lile, nikaona taa yake nyekundu inapepesa. Inapepesa, inatulia, inapepesa tena. Nikahesabu: kila baada ya sekunde 10 hivi. Chumba hakina mtu wala feni inayozunguka, na bado kuna kitu mle ndani kinatafuna umeme taratibu kama mchwa.

Wiki hiyohiyo mkuu wa shule alikuwa ameniuliza mbele ya walimu, "Mwalimu, hizo kompyuta zinafundisha au zinakunywa umeme tu?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini jibu sikuwa nalo. Hapa naandika jibu nililolipata baadaye, kwa ajili ya mwalimu mwenye chumba cha kompyuta za mezani 15 hadi 30, nyingi zikiwa za mtumba au za msaada, na mita ya kulipia kabla. Mwenzetu wa Kenya anayenunua tokeni atumie hesabu zilezile, abadili bei tu.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Usianze kwa kuzima zima. Ukianza hivyo hutajua kilichosaidia, na muhula ukiisha utakuwa unabishana na mhasibu kwa maneno matupu.

Tazama uso wa mita. Pembeni ya taa inayopepesa kumeandikwa namba na imp/kWh, mara nyingi 1000 au 1600. Maana yake ni kwamba taa ikipepesa mara 1000 (au 1600), uniti moja imekwisha. Kwa mita ya 1000, hesabu mapepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, unapata wati zinazotumika wakati huo. Kwa mita ya 1600, zidisha kwa 37.5. Kama mita iko juu ya nguzo na ndani mna kibao cha kuingizia namba tu, andika uniti zilizobaki, subiri saa moja bila kubadili chochote, kisha soma tena. Mita ikiwa ya shule nzima, pima siku isiyo na watu: kwanza chumba cha kompyuta kikiwa kimekatwa kabisa kwenye swichi kuu yake, halafu kikiwa kimewashwa. Tofauti ndiyo yako.

Pima mara tatu: kompyuta zote zikiwa zinafanya kazi, zote zikiwa zimezimwa kwa kawaida, na kila kitu kikiwa kimezimwa mpaka kwenye soketi ya ukutani. Kipimo cha pili ndicho kitakachokushangaza.

Ukipata kifaa cha kupimia wati kinachochomekwa kati ya soketi na plagi, pima kompyuta moja moja. Usisome lebo ya nyuma ukadhani hayo ndiyo matumizi. Lebo ya pawa saplai inasema kiwango cha juu inachoweza kutoa. Kompyuta yenye pawa saplai ya wati 300 ikifungua faili la maandishi inaweza kutumia wati 60 au 80 tu. Monita bapa ya inchi 17 hadi 19 hutumia wati 20 hadi 35. Ile ya chogo, kama bado unayo, huweza kufika 70 na zaidi, yaani monita peke yake inakaribia kula sawa na kompyuta yenyewe. Kompyuta mpakato, skrini yake ikiwa ndani ya hesabu, mara nyingi iko kati ya wati 15 na 45.

Hatua ya 2: Hesabu saa

Chukua kompyuta 20. Kila moja ina boksi la wati 80 na monita ya wati 25. Jumla ni wati 2,100, na kwenye mita ya 1000 taa itapepesa mara 35 kwa dakika.

Bei ya kundi la T1 (wateja wa matumizi ya kawaida) la TANESCO kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji); ukizijumlisha unakaribia shilingi 356. Mimi hapa natumia 350 ili hesabu iwe nyepesi. Wewe chukua risiti yako, ondoa kodi ya jengo kama imo, gawanya kiasi kilichobaki kwa uniti ulizopewa.

Mwanafunzi wa zamu akiwasha kompyuta zote saa 1:30 asubuhi na kuzizima saa 9:30 alasiri, ni saa 8: uniti 16.8 kwa siku, karibu shilingi 5,900. Kwa siku 22 za masomo ni kama uniti 370, takribani shilingi 129,000. Sasa fungua ratiba. Kwangu mle ndani kulikuwa na vipindi sita vya dakika 40 kwa siku, yaani saa 4. Nusu nzima ya umeme ilikuwa inaangazia viti vitupu! Mapumziko ya chai, mkutano wa asubuhi, kipindi ambacho mwalimu ana ruhusa, na ile nusu saa ya darasa kusubiri darasa.

Kwa hiyo kabla ya kuomba kompyuta mpya kwa yeyote, nusu ya gharama ya mchana unaweza kuiondoa kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni na mtu mmoja mwenye jukumu. Kwetu ni kiranja wa maabara wa kila mkondo. Darasa linapotoka, yeye ndiye wa mwisho. Kipindi kinachofuata kikiwa kinaanza papo hapo, anaacha zikiwaka. Pakiwa na nafasi ya zaidi ya dakika 15, anazima. Tulijaribu kumwachia kila mwanafunzi azime ya kwake na haikufanya kazi hata wiki moja. Kengele ikilia, mtoto anawaza foleni ya uji.

Hatua ya 3: Mfukuze mla-umeme wa usiku

Ile taa ya Jumamosi ilikuwa inanionyesha wati kama 370: 150 kati ya hizo nitazieleza kwenye Hatua ya 6, hapa nazungumzia zile 220. Nilipochunguza, kila kompyuta iliyozimwa ilikuwa bado inavuta wati 2 hivi, monita yake wati 1, na UPS yake (kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika) wati 8 kwa kazi ya kukaa macho na kuilisha betri iliyokwisha kujaa. Wati 11 mara 20. Ukiziona moja moja utazidharau. Lakini mwezi una saa 720, na masomo ni saa 176 tu. Saa 544 zilizobaki, kwa wati 220, ni uniti 120 hivi: shilingi 42,000 kila mwezi kwa chumba kilichofungwa.

Dawa ni kuzima ukutani, ila kuna utaratibu, na nimeona watu wakiua betri kwa kutoujua. Ukikata umeme ukutani huku UPS imewashwa, yenyewe inadhani umeme umekatika. Itapiga kelele, itaitumia betri yake mpaka iishe, na betri za risasi zikiachwa tupu siku kadhaa huharibika. Kwa hiyo mpangilio ni huu:

Zima kompyuta kwa kawaida na usubiri feni inyamaze. Zima monita. Bonyeza kitufe cha UPS mpaka taa yake izime. Mwisho kabisa ndipo uzime soketi au swichi ya safu.

Nasema swichi ya safu kwa sababu kuinama chini ya meza 20 kila jioni hakuna atakayekufanyia. Mwite fundi umeme mwenye leseni, aweke breka moja kwa kila safu ya meza karibu na mlango, na nyingine peke yake kwa ajili ya vifaa vya mtandao. Ndiyo matumizi pekee ya fedha ninayoyapendekeza mwanzoni. Fundi akiwa hapo, mwonyeshe na ekstensheni zilizochomekwa juu ya ekstensheni. Hizo zinahusu hatari ya moto kuliko luku, lakini usikose nafasi.

Kama kompyuta zako ni mpakato, UPS huzihitaji. Betri yake ndiyo UPS. Niliwahi kukuta mpakato 12 zimechomekwa kwenye UPS 12, na hakuna aliyejua nani alianzisha.

Hatua ya 4: Ifundishe kompyuta kulala

Kiranja anasahau, mwalimu anasahau. Mipangilio haisahau. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi, andika:

powercfg /change monitor-timeout-ac 5
powercfg /hibernate on
powercfg /change hibernate-timeout-ac 30

Namba ni dakika. Mstari wa kwanza unazima skrini baada ya dakika 5 bila kuguswa. Miwili inayofuata inaifanya kompyuta ihifadhi kazi yote kwenye diski na kujizima baada ya nusu saa.

Wataalamu wengi watakwambia utumie usingizi wa kawaida, ule wa kompyuta kuamka kwa sekunde mbili. Ni mzuri penye umeme wa uhakika. Usingizi ule huacha kazi kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika dakika hiyo, insha ya mtoto imekwenda. Kwa mazingira yetu, kuhifadhi kwenye diski ni salama zaidi, hata kama kuamka kunachukua muda kidogo. Kwa mpakato chagua wowote.

Dakika 5 za skrini zitawakera wanafunzi wakati unaeleza ubaoni na wao wanatazama. Waache wakereke, kugusa kipanya kunairudisha. Siku za mtihani wa vitendo, ondoa mipangilio hii kabisa, weka 0 badala ya namba, kisha uirudishe jioni. Mtahiniwa ana hofu ya kutosha bila skrini kumzimikia.

Zipo kompyuta zinazokataa kulala. Andika powercfg /requests na itakuonyesha programu inayoizuia, mara nyingi ni muziki au video iliyoachwa wazi nyuma ya madirisha mengine. Nyingine zinalala kisha zinaamka zenyewe usiku wa manane. Powercfg /lastwake hutaja kilichoiamsha, na powercfg /waketimers huonyesha kilichopangiwa kuiamsha.

Punguza pia mwanga wa monita. Nyingi huja na mwanga mkubwa kutoka kiwandani; asilimia 60 inatosha darasani, na mahali penye pazia hata 50. Wati zinazookolewa kwa kila monita ni chache, lakini macho nayo yanapona.

Hatua ya 5: Kengele ya mwisho

Weka amri ya kuzima kompyuta zote baada ya masomo:

schtasks /create /tn ZimaMaabara /tr "shutdown /s /t 300" /sc weekly /d MON,TUE,WED,THU,FRI /st 15:45 /ru SYSTEM

Kompyuta itatoa onyo, itasubiri sekunde 300, kisha itazima. Itazima hata kama kuna faili halijahifadhiwa, kwa hiyo watangazie watu mapema. Mwenye kazi ya dharura aandike shutdown /a kusitisha. Wanaotumia Linux waweke mstari huu kwenye cron (ratiba ya amri zinazojiendesha zenyewe) ya msimamizi:

45 15 * * 1-5 /sbin/shutdown -h +5

Angalia sana saa. Mimi mara ya kwanza niliwaza saa tisa na dakika 45 alasiri, mkono ukaandika 09:45. Kesho yake saa tatu na dakika 45 asubuhi, kidato cha tatu wakiwa katikati ya zoezi la jedwali, kompyuta 20 zikaanza kuaga kwa pamoja. Kompyuta haijui saa za Kiswahili.

Maneno ya kupuuza

"Kuwasha kunakula umeme mwingi kuliko kuiacha." Kompyuta ikitumia wati 120 kwa dakika mbili za kuwaka, imetumia sehemu 4 za elfu za uniti moja. Ikiachwa bila kazi pamoja na monita yake, kiasi hicho inakimaliza ndani ya dakika tatu hivi. "Kuwasha na kuzima kunaua diski." Diski hutengenezwa kuhimili kuwashwa makumi ya maelfu ya mara, mara tano kwa siku ya shule haitaifikisha huko kabla haijazeeka kwa sababu nyingine. "Skrini yenye picha zinazoelea inaokoa umeme." Hiyo ilibuniwa kulinda monita za chogo zisiungue alama, taa ya skrini inabaki inawaka. Na kuweka rangi nyeusi kwenye monita bapa za kawaida hakupunguzi kitu, kwa sababu taa ya nyuma inawaka vilevile.

Hatua ya 6: Vingine vilivyomo chumbani

Hapa ndipo nilipokuta mwizi mmoja mkubwa kuliko kifaa kingine chochote, na nilikuwa nampita kila siku. Kwenye kona kulikuwa na kompyuta kubwa ya zamani iliyogeuzwa kuwa seva ya kuhifadhi masomo. Ilivuta wati 150, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu. Zidisha: uniti 108 kwa mwezi, karibu shilingi 38,000. Kazi yake ilikuwa kugawa video na vitabu kwa wanafunzi, kazi ambayo mpakato wa zamani uliovunjika skrini huifanya kwa wati 15. Tukahamisha mafaili kwa siku mbili. Shule ikiweza kupata kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, hiyo hutumia wati chini ya 10. Na hata hiyo, usiku inahudumia nani? Iweke kwenye breka ya vifaa vya mtandao, iamuru izime kwanza, kisha ukate.

Projekta za taa hutumia wati 250 hadi 300. Kuziba lenzi kwa kifuniko wakati unaeleza hakupunguzi chochote. Taa inawaka nyuma ya kifuniko. Kama haihitajiki kwa nusu saa, izime kwa kitufe na uiache feni yake imalize kupoza kabla ya kuchomoa. Printa ya leza iwashwe siku ya kuchapa tu, na kamwe isichomekwe kwenye UPS, maana ikipasha joto huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo.

Kiyoyozi ni suala la Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na penginepo pwani. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto, na kiyoyozi hutumia takribani wati 1 kuhamisha wati 3 za joto. Kwa hiyo ukizima kompyuta zisizo na mtu, unaokoa kwenye kompyuta na kwenye kiyoyozi pia. Lakini tuwe wakweli: wanafunzi 40 waliokaa hutoa joto la karibu wati 4,000, zaidi ya kompyuta 20. Ukigawa darasa makundi mawili chumba kinapoa kuliko ukinunua kiyoyozi cha pili. Madirisha yakifunguka pande mbili na feni za dari zikiwa nzima, kiyoyozi hakihitajiki sana; sisi tulibaki kukitumia miezi ya Desemba hadi Machi tu.

Kuhusu vishikwambi, kama vile vya Sensa ya mwaka 2022 vilivyogawiwa walimu, usipoteze muda kuvibana. Kujaza kimoja kutoka sifuri hakufiki hata sehemu moja ya ishirini ya uniti. Niliwahi kusikia mwalimu akikatazwa kuchaji stafu huku seva ya kona ikinguruma chumba cha pili.

Hatua ya 7: Siku mkipata fedha

Kitu cha kwanza nisingenunua kompyuta. Ningenunua diski za SSD (zile za kasi zisizo na sehemu inayozunguka) kwa zile zilizopo. Zenyewe zinaokoa wati chache tu, lakini kompyuta iliyokuwa inawaka kwa dakika nne itawaka chini ya dakika moja, na hapo ndipo watu watakubali kuzima kati ya vipindi. Mwalimu mwenye kipindi cha dakika 40 hawezi kukubali kupoteza kumi akisubiri.

Mkinunua kompyuta za mtumba, epuka maboksi makubwa. Tafuta zile ndogo zenye adapta ya nje kama ya mpakato, ya wati 65 au 90. Hizo haziwezi kuzidi adapta yake, na kwa kazi za darasani hukaa kati ya wati 10 na 25. Anayeleta msaada wa chogo, mshukuru na umwombe alete kitu kingine.

Shule inayowaza sola ifanye hatua zote hizi kabla ya kumwita muuzaji. Kompyuta 20 za wati 105 kwa saa 4 zinahitaji uniti 8.4 kwa siku. Mpakato 20 za wati 25 kwa saa zilezile zinahitaji uniti 2, na tena zina betri zake. Paneli na betri utakazoambiwa ununue zitafuata namba utakayoitaja, na fundi wa sola hana sababu ya kukuomba uipunguze.

Hatua ya 8: Daftari na likizo

Tundika daftari kando ya mita. Kiranja aandike kila Jumatatu asubuhi na kila Ijumaa jioni: tarehe, uniti zilizobaki, uniti zilizoongezwa. Tofauti ya Ijumaa hadi Jumatatu ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa inapaswa kuwa karibu na sifuri.

Likizo ya Juni na ya Desemba zina utaratibu wake. Acha UPS zikijaa chaji siku nzima, zizime kwa kitufe, kisha zima ukutani. Betri iliyojazwa inavumilia likizo. Iliyo tupu haivumilii. Chomoa antena na nyaya za mtandao zinazotoka nje, kwa ajili ya radi. Kisha soma mita, andika, piga na picha kwa simu.

Siku ya kufungua shule, kabla hujawasha hata taa ya dari, soma tena. Mwaka wa kwanza nilikuta uniti 9 zimeondoka kwa wiki nne. Nilizunguka chumba mara mbili sioni kitu, mpaka kiranja akainama nyuma ya kabati na kutoka na chaja ya redio ya mlinzi.